Usiling'oe Dishi Bado

Jumapili ya Novemba 5, 2023 nilikuwa sebuleni kwangu Ng'ambo, hapa Tabora, mbele ya televisheni ya inchi 43, nikitazama Simba na Yanga kwa intaneti. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimeacha kulipia king'amuzi. Dishi langu lilikuwa na tabia ya kukatakata kila upepo ukivuma, nami nikapiga hesabu nikajiona mjanja: intaneti ya nyumbani ninayo, watoto wanaitumia, ya nini tena kulipia na dishi?

Jirani yangu ni fundi cherehani na ana dishi. Kati yetu kuna ukuta wa tofali moja. Mechi haijakolea nikasikia ukuta unapiga yowe. Kwangu mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja. Nikakaa nikisubiri, ikapita kama nusu dakika, ndipo nami nikaliona goli. Siku ile Yanga walishinda 5-1. Mimi ni mtu wa Simba. Kila goli liliniumiza mara mbili, kwanza na ukuta, halafu na televisheni. Hata lile letu la kusawazisha nililipokea likiwa limeshapoa.

Tangu hapo kila ninayekutana naye sokoni au kwenye kahawa, akijua kwamba naandika mambo haya, ana swali lilelile. Amefunga intaneti nyumbani, au anataka kufunga. Je, aling'oe dishi atazame TV kwa intaneti? Na kama ni ndiyo, achukue huduma ipi? Jibu langu kwa nyumba nyingi za Tabora ni kwamba usiling'oe bado. Lakini wapo ambao nikiwaona wanalipia dishi nawahurumia, na nitawataja.

Njia ya msafara inayopita hapa kwetu, kutoka Bagamoyo, kukata Ugogo, kufika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, ilikuwa na adabu yake ya hesabu. Tajiri aliyetaka pembe za ndovu hakuishia kuuliza bei ya pembe. Aliuliza atapita kwa watemi wangapi, kila mtemi anataka doti ngapi za nguo kuwa hongo, na wapagazi watakula posho ya siku ngapi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, hapahapa Unyanyembe, Novemba 1857 walikuwa njiani zaidi ya miezi minne, na sehemu kubwa ya mizigo iliyokuwa vichwani mwa wapagazi ilikuwa nguo, shanga na nyaya za kulipia njia yenyewe. Aliyesahau kuhesabu Ugogo alifika huku mikono mitupu.

TV ya intaneti nayo ina milango yake ya hongo, na matangazo yanakuonyesha ule wa kwanza tu, yaani ada ya programu kwa mwezi. Ukiitazama peke yake ni nafuu kweli. Mlango mkubwa uko nyuma yake, nao ni bando.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa zinapopotelea. Spidi ya intaneti inapimwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini bando linauzwa kwa gigabaiti, na watu wanayachanganya. Baiti moja ina biti nane. Kwa hiyo megabiti 1 kwa sekunde, ikitiririka saa nzima bila kukatika, inakula megabaiti 450. Shika namba hiyo. Netflix wenyewe wanashauri uwe na megabiti 5 kwa sekunde ili upate picha safi kamili ya HD, na 15 kwa ile ya 4K. Tuchukue 5. Mara 450, unapata GB 2.25 kwa saa. Mechi moja, ukiweka na mapumziko na dakika za nyongeza, ni saa mbili, yaani GB 4.5. Sasa weka jioni ya kawaida ya nyumba yenye watu: katuni za watoto wakitoka shule, taarifa ya habari ya saa mbili, tamthilia moja baada ya chakula. Saa tatu kwa siku. Ni karibu GB 7 kila siku, na mwezi ukiisha mmekula kama GB 200. Hapo bado hamjagusa simu.

Chukua bei ya bando unalonunua sasa, igawanye kwa GB zake, zidisha kwa 200. Nimemfanyia hesabu hii mama mmoja muuza asali pale sokoni kwa kalamu yake mwenyewe, juu ya karatasi ya kufungia. Alinitazama, akaitazama karatasi, akasema, "Baba, hii ni kodi ya fremu." Dishi halihesabu saa. Ukilipia mwezi, liwake saa moja au liwake usiku kucha, bei ni ileile.

Unaweza kuishusha picha. Programu nyingi zina sehemu ya kuchagua ubora, na wengi hawaigusi. Ukishusha hadi megabiti 1.5 unakula megabaiti 675 tu kwa saa, na ule mwezi wa GB 200 unakuwa wa GB 60. Kwa habari na mahubiri inatosha kabisa. Kwenye TV ya inchi 32 hata tamthilia haina shida. Mpira ndio unaosumbua, maana unakuwa kama tope linalokimbia, na namba mgongoni huzioni. Kila mtu aamue anavumilia nini.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: kama intaneti yako inauzwa kwa GB, TV ya intaneti iwe kitoweo, isiwe ugali. Anayeweza kuifanya ugali ni mwenye intaneti inayouzwa kwa spidi, ya mwezi mzima, bila kikomo cha GB. Na hata hiyo, soma masharti. Vifurushi vingi vinavyoitwa "bila kikomo" vina mahali ambapo spidi inashushwa ukishatumia kiasi fulani. Muulize wakala maswali mawili: inashushwa baada ya GB ngapi, na inashushwa hadi ngapi? Akijibu, "Haiishi hiyo mzee wangu," mwombe akuonyeshe ilipoandikwa. Ikishuka chini ya megabiti 2 siku ya ishirini, zile siku kumi za mwisho utakuwa unatazama kile kiduara kinavyozunguka.

Intaneti gani, sasa? Hapa mjini kuna njia mbili kubwa. Kuna faiba, ambayo kama imefika mtaani kwako usiulize mara mbili, vuta. TTCL ndiyo inayosimamia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano na ina huduma ya kuifikisha faiba mlangoni, ila mlango unaozungumziwa unaweza kuwa wa mtaa wa pili na si wako, kwa hiyo ulizia kwa anwani ya nyumba yako, usiulizie "Tabora". Njia ya pili ni ruta ya laini ya simu: Vodacom, Airtel, Halotel, au Yas, ambao hadi Novemba 2024 tulikuwa tukiwaita Tigo. Nani bora? Anayekujibu swali hilo bila kujua unakaa Cheyo, Ipuli au Kiloleni anakudanganya. Mnara ulio karibu nawe, na watu wangapi wanaugombania saa mbili usiku, ndivyo vinavyoamua.

Pima mwenyewe. Azima laini za watu wa nyumbani na majirani, ziweke moja moja kwenye simu yako, simama pale TV ilipo, si uani, fungua ukurasa wa fast.com, uandike namba. Fanya hivyo mara tatu: asubuhi, saa mbili usiku siku ya kazi, na Jumamosi jioni wakati Ligi Kuu ya Uingereza inachezwa. Namba ya asubuhi itupe. Itazame ile mbaya kuliko zote. Kama ile mbaya inafika 8, una intaneti ya kutazamia TV na mtoto akabaki na yake ya kusomea. Kama ni 3, usidanganyike na ile 25 ya alfajiri.

Ruta yenyewe nayo ina mahali pake. Kwa miezi miwili yangu ilikaa ndani ya kabati la TV, nyuma ya vikombe vya harusi, kwa sababu mama watoto hakupenda zile taa zake. Ukuta wa nyumba ya zamani ni mnene, juu kuna bati, halafu nikaongeza na mbao. Siku nilipoihamishia dirishani, upande wenye mnara, spidi ilipanda kutoka 4 hadi 11. Sikulipa hata senti. Vikombe vimebaki kabatini.

Ukishajua intaneti yako inabeba nini, ndipo uulize unatazama nini. Anza na kitu kimoja ambacho usipokiona mwezi mzima utanuna. Kwa wengi wetu ni mpira, na mpira una wenyewe. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ni ya Azam: mwaka 2021 walisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Kwa hiyo Simba, Yanga na ile timu yetu iliyopanda daraja mwaka 2023, ikaja kuitwa Tabora United na kuujaza Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, wote wako huko. Ligi Kuu ya Uingereza iko SuperSport, yaani DStv, ambayo kampuni yake mwaka 2025 ilinunuliwa na Canal+ ya Ufaransa. StarTimes wana wateja wao wa antena na wa dishi, na mvuto wao kwa miaka mingi umekuwa bei na tamthilia. Hakuna programu moja ya intaneti itakayokupa vyote hivyo kwa bei moja. Ukisikia ipo, ruka aya mbili usome habari za maboksi.

Kila mmoja wa hawa ana programu yake: AzamTV Max, DStv Stream, StarTimes ON. Kabla hujalipia, uliza kama mtu aliyelipia king'amuzi anaingia humo bila kulipa tena. DStv Stream, kwa mfano, mteja wa king'amuzi anaitumia kwa akaunti yake ileile. Nawajua watu wawili hapa Tabora, mmoja ni mwalimu mwenzangu wa zamani na hesabu anazijua, waliokuwa wakilipia dishi nyumbani na programu kwenye simu, kwa kampuni moja, mwezi baada ya mwezi. Lipa mara moja, tumia mara mbili: dishi kwa ajili ya nyumba, programu kwa ajili ya siku uliyo kwenye treni ya Kigoma, au uko msibani Nzega na mechi haikusubiri. Uliza pia vifaa vingapi vinaweza kutazama kwa wakati mmoja. Mara nyingi ni kimoja au viwili, na ugomvi wa nyumbani unaanzia hapo.

Taarifa ya habari usiilipie kabisa. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia Desemba 31, 2012, tumezoea kudhani kila picha ina kifurushi chake. TBC1 na chaneli nyingine za kitaifa zimewekewa utaratibu wa kuonekana bure kwenye ving'amuzi vya antena hata kifurushi kikiisha. Antena juu ya mlingoti, king'amuzi kilicholipiwa siku ya kununuliwa tu, na bibi yako anapata habari mpaka achoke. Vituo kadhaa vinarusha pia moja kwa moja YouTube, ila hapo unarudi kwenye bando.

Maboksi. Kuna vijana wanauza boksi dogo au namba ya siri ya Telegram, chaneli elfu kadhaa, dunia nzima, kwa bei ya soda mbili kwa wiki. Niliwahi kununua. Ilifanya kazi vizuri wiki tatu, mpaka ilipofika mechi kubwa, ikazima dakika ya kumi, na yule kijana naye akazima simu. Ule ni wizi wa matangazo, na mwizi hana dawati la kupokea malalamiko. Tena boksi usilojua limetengenezwa na nani linakaa kwenye waifai ileile ambayo simu yako inaitumia kulipia M-Pesa.

Wenye ndugu Marekani huniuliza kuhusu YouTube TV na Sling, maana shemeji kapiga picha ya sebule yake akawatumia. Zile ni huduma za Marekani, zinamtaka mteja aliye Marekani. Kuzunguka kwa VPN kuna matatizo mawili: spidi inapungua, na tangu Oktoba 2023 TCRA inataka anayetumia VPN ajisajili. Mwacheni shemeji na sebule yake.

Sasa turudi kwenye ule ukuta wangu. Ile nusu dakika haikuwa kosa la kampuni. Picha ya dishi inapanda kwenye setilaiti na kushuka, basi. Picha ya intaneti inakatwa vipande vidogo vya sekunde chache chache, inapangwa kwenye mitambo, na TV yako inasubiri ipate akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha, ili mtandao ukiyumba usione kiduara. Akiba hiyo ndiyo kuchelewa kwenyewe. Kama unatazama peke yako na simu umeizima, huna habari nayo. Kama unaishi karibu na kibanda umiza, au uko kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki, utaambiwa matokeo na watu wasiokutakia mema. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, moja ya habari alizompa ni kwamba Mfereji wa Suez umefunguliwa, nao ulikuwa umefunguliwa tangu 1869. Mzee wa watu alifurahi. Hakuwa na jirani mwenye dishi.

Intaneti ina siku zake za kulala pia, na si zote zinasababishwa na mnara wenu. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa mpigo, na nchi nzima ikashikwa na kigugumizi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa, ikarudi Novemba 3. Siku zile mwenye dishi aliendelea kuona picha na mwenye antena pia. Aliyekuwa ameweka kila kitu kwenye intaneti alibaki na redio, kama alikuwa nayo.

Halafu umeme. Ukikatika, TV ya kawaida inazima, huo ni usawa kwa wote. Lakini wenye betri ya sola wanasahau kwamba ruta nayo inakula umeme, na mnara nao unaishi kwa betri zake. Wakati wa mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 nilikuwa na TV inayowaka kwa betri, ruta inayowaka kwa betri, na mnara uliokwisha chaji saa moja iliyopita. Ukiamua kwenda na intaneti, nunua kile kibetri kidogo cha ruta kinachokaa kati ya chaja na ruta. Ruta inakula kama wati 10 tu, na kukatika kwa dakika tano tano hakutakuharibia kipindi. Kwa mnara huna la kufanya.

Kwa ndugu zangu wa Sikonge, Urambo na Kaliua, wanaokaa mbali na mji, kwenye tumbaku na mizinga, neno langu ni fupi: dishi, TV ndogo ya volti 12, sola. Simu itunzie bando la kupigia video mtoto aliye chuoni.

Nani basi ang'oe dishi? Mpangaji wa chumba kimoja ambaye mwenye nyumba hataki bati lake litobolewe. Mwanafunzi, ambaye kila mwaka anahama. Kijana ambaye akikwambia ukweli, mpira hautazami, anatazama tamthilia za Kikorea na YouTube, na chaneli za dishi lake hajazifungua tangu Pasaka. Nyumba yenye faiba na isiyo na shabiki wa kupiga kelele. Na wapangaji wa nyumba moja wanaochanga ruta moja ya bila kikomo, mradi waelewane mapema nani anatazama nini saa ngapi, kwa sababu megabiti 8 zikigawanywa kwa TV tatu hakuna anayeona kitu. Hawa nawaambia waanze na malipo ya mwezi mmoja, au wiki kama ipo. Wasilipie mwaka. AFCON ya 2027 itachezwa kwetu, Kenya na Uganda, na wauzaji watakuja na ofa za kila rangi. Subiri ujue nani ana haki ya kuonyesha ndipo utoe pesa.

Kabla ya kununua TV mpya kwa ajili hiyo, nenda dukani na jina la programu unayoitaka. Mwambie muuzaji aifungue mbele yako, kwenye TV ileile utakayobeba. Neno "smati" kwenye boksi halina maana kama programu ya king'amuzi chako haipo kwenye orodha yake, na zipo TV nyingi za bei nafuu ambazo zina YouTube na Netflix basi. Kama TV yako ni ya zamani na ina tundu la HDMI, usiitupe. Kifaa kidogo cha kuchomeka kitaifanya ishike waifai.

Nilibakiza jambo la dishi langu lililokuwa likikatakata, lile lililonifanya nilikimbie. Jumatatu baada ya zile tano nililipia king'amuzi. Nikawasha. Hakuna mawimbi. Nikamwita fundi dishi, kijana wa Isevya, akaja na ngazi yake begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Limegoma tena hili."

Hakupanda ngazi. Alisimama nyuma ya dishi, akafumba jicho moja, akaelekeza mkono lilikoelekea dishi. Dishi la Azam hapa Tabora linatazama magharibi, upande wa Urambo na Kigoma, njia ileile waliyoishika wapagazi, limeinua uso kama nyuzi 60. Setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki, na sisi tuko karibu 33. La DStv lina setilaiti yake nyuzi 36, kwa hiyo linatazama karibu utosini, na mti wa jirani halina habari nao mpaka tawi lije juu yake kabisa. Langu lilikuwa limeuelekea mwembe.

"Mzee, ulipofunga dishi huu mwembe ulikuwaje?"

Nilifunga mwaka 2015. Mwembe ulikuwa unanifika kifuani. Sasa ulikuwa umelipita dishi kwa mita kama nane, na haukuwa hata mita tano kutoka ukutani. Upepo ukivuma matawi yanapisha, picha inakuja, yakirudi, inakata. Mvua za Novemba zilipoanza na majani yakalowa, ikawa basi. Miaka miwili mizima nilikuwa nikipiga simu huduma kwa wateja kulalamikia mti nilioupanda mwenyewe.

Fundi akaomba panga. Mama watoto akatoka jikoni akiwa bado na mwiko, akautazama mwembe, ambao ulikuwa umeinamisha dodo mpaka kwenye paa la choo, akanitazama mimi.

"Huo hauguswi mpaka Januari."

Tukalihamisha dishi kwenye paa la banda la kuku, ng'ambo ya pili ya mwembe, waya mita 15 za ziada, na malipo ya fundi pamoja na ndoo ya maembe.